Mtoi Wenu Anaenda Kozi ya Boti za Tanga Hii Agosti? Hizi Ndio Sheria Zenye Poster Haikuambii

Likizo ya Agosti ikigonga, kila mathe Nairobi anatafuta pahali pa kupeleka watoi ju nyumba imekuwa ndogo ghafla na tokeni za stima zinaisha kila siku mbili. Wengine wanapelekwa ushago, wengine akademia ya mpira, wengine wanawekwa kwa zile kozi za kompyuta. Halafu kuna hii ingine imeanza kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp: kozi ya watoto ya kuendesha boti za tanga. Poster iko na mtoi amevaa laifu jaketi, ameshika kamba, meno yote nje. Mathe anakutumia, na ju wewe ndio firstborn, ama wewe ndio msee wa kujaza mafomu kwa hio keja, kazi imekuangukia.

Sasa wacha nikuchanue. Hii si kama zile boti za Uhuru Park, mnapiga kasia dakika kumi, mnapiga picha, mnaenda kununua aiskrimu. Hapa mtoi wa miaka tisa anaweza kuwekwa kwa boti peke yake. Peke yake kabisa. Hakuna injini, hakuna breki, hakuna konda wa kugonga mabati asimamishwe. Ndio maana hizi kozi ziko na sheria mob, na ndio maana ukisoma zile karasa mbili za masharti unaeza dhani wanakupeleka jeshi. Karibu kila moja ya hizo sheria iko hapo ju kuna mtoi mahali fulani kulimuumania.

Tuanze na boti yenyewe. Watoi wengi duniani huanzia kwa ka-boti kanaitwa Optimist. Kalichorwa na msee anaitwa Clark Mills, Florida, Marekani, mwaka wa 1947. Walitaka kitu ya bei ya chini yenye mzazi anaweza kuunda nyumbani, kwa hivyo akaichora itoshee kwa plywood mbili. Ndio maana imekaa kama beseni la kufulia limekatwa mbele. Urefu ni kama mita 2.3, bodi yenyewe ni kilo 35, tanga moja, usukani mmoja, na ubao wa katikati wenye unashushwa majini ndio boti isisukumwe kando na upepo. Mashindano yake rasmi mwisho ni mwaka wenye unafikisha miaka 15. Usiicheke. Mabaharia wengi wameshinda medali za Olympics walianzia ndani ya hilo beseni.

Hapa kwetu mambo ya boti za tanga utayapata Mombasa, Kilifi, Naivasha na Kisumu. Si kila klabu hufungua kozi ya watoi kila Agosti, kwa hivyo uliza mapema. Na kozi nyingi zinafuata ama zinakopa mtindo wa Uingereza, wa RYA, wenye watoi wanapanda ngazi nne: ya kwanza unajua tu boti inaenda aje na unaweza kuigeuza, ya nne wewe ni wa kuaminika kuongoza boti ukiwa na mwenzako. Wiki moja haitoshi ngazi zote nne. Akimaliza ya kwanza vizuri, mmepata dhamana ya pesa yenu.

Fomu: Hapa ndio watu hudanganya

Hii sehemu nataka usome pole pole.

Kwa kila fomu kutakuwa na swali moja: mtoto anajua kuogelea? Na nyumba nyingi sana za hii town zitajibu ndio. Kwa nini? Ju mtoi aliwahi kuingia swimming pool pale hoteli siku ya bathdei ya cousin. Alishika ukingo masaa mawili, akatoka, akala chipo. Kwa mathe hio ni kuogelea. Ama kuna ile hofu ati ukisema hajui watamkataa, na pesa ishatumwa na mtoi ashaambia darasa lote.

Msee, usijaze ndio kama si ndio. Kozi zingine zinadai mtoi aogelee mita 50 akiwa na nguo nyepesi. Zingine zinadai tu aonyeshe hashtuki akiingia maji na laifu jaketi, analala chali, anapumua, anangoja. Kozi za aina hii ya pili zinaweza kumchukua mtoi mwenye hajui kuogelea sawasawa, lakini kocha lazima ajue, ndio amweke kwa boti na mwenzake ama amshike karibu. Ukidanganya, kocha anapanga siku yake akidhani ako na watoi kumi wenye wanajiweza, kumbe ni tisa na mmoja mwenye atafrizi akipinduka. Na atapinduka. Hio si kama, ni lini.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu kama 300,000 waliofariki kwa kuzama mwaka wa 2021 pekee, na karibu robo yao ni watoto hawajafikisha miaka mitano. Sisi watu wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana. Wazee wa Likoni bado wanakumbuka ferry ya Mtongwe, Aprili 1994, watu zaidi ya 250 wakapotea karibu na ukingo. Maji haina shida na wewe, lakini haikungoji ushike rada.

Halafu swali la pili lenye watu huficha ni la afya. Athma, kifafa, mzio, miwani, dawa zenye anatumia asubuhi. Kuna wazazi wanaona kuandika kifafa kwa fomu ni kuanika mtoto. Mimi naelewa hio aibu inatoka wapi, lakini kocha mwenye anajua anaweza panga, na mwenye hajui atadhani mtoi anacheza tu. Kama ako na inhela, nunua ya pili, iingie kwa mfuko usiopitisha maji, ipewe msee wa boti ya uokoaji. Ya kuachwa kwa begi ufukweni haisaidii mtu ako mita mia tatu ndani.

Laifu jaketi si luku

Sheria ya kwanza kwa kila kozi: ukikanyaga pale boti zinaingilia majini, umevaa. Si umeshika. Si iko begani. Umevaa na umefunga zipu na mikanda yote.

Na kuna mambo mbili tofauti watu huita jina moja. Kuna ile nyembamba ya michezo, yenye inakusaidia kuelea lakini inategemea uko macho na unaweza kujigeuza. Halafu kuna ile kubwa yenye imeundwa kukugeuza uso juu hata ukiwa umezirai. Kozi za watoi kwa kawaida hutumia ile ya kwanza, ju boti ya uokoaji iko karibu na mtoi anahitaji nafasi ya kusongasonga. Cha muhimu ni saizi. Inaenda na kilo za mtoi, si umri, na hakuna kitu inaitwa "tumnunulie kubwa ataikulia." Hio ni ya yunifomu ya shule. Mvalishe, funga kila kitu, halafu shika mabega ya jaketi uvute juu. Ikifika masikioni, ni kubwa. Rudisha.

Nguo zingine ni rahisi. Jeans na hudi za pamba wacha nyumbani, zikilowa zinakuwa nzito kama saruji na zinaleta baridi. Shati ya mikono mirefu yenye inakauka haraka, kaptula ama taiti, kofia yenye iko na kamba, mafuta ya jua. Ndio, hata sisi weusi, jua ya baharini inakuchoma mara mbili: kutoka juu na ikirudi kutoka kwa maji. Viatu ni lazima, raba zile kuukuu zenye hazijali maji. Slipa hapana. Pwani kuna chaza kwa mawe na fuu za kila aina, na mguu ukikatwa siku ya kwanza kozi imeisha. Miwani ifungwe kamba. Nywele ndefu zifungwe. Msichana wa hijab avae ile ya michezo yenye haina ncha za kuning'inia, ju ncha inaweza shikwa na kamba ya tanga. Simu inabaki ufukweni, hata kama ni ile "haiingii maji." Mwambie tu.

Ile kitambulisho kwa ubao

Kuna sheria moja watoi huona ni ya ujinga, na ndio mimi naona ni ya maana kuliko zote za nchi kavu. Kozi nyingi ziko na ubao wenye umepangwa vitambulisho vya namba. Ukiingia majini unachukua yako, ukitoka unairudisha mwenyewe. Si rafiki yako akurudishie. Mwenyewe.

Fikiria jioni imefika. Boti zote zimetoka, watoi wanaoga, wengine washachukuliwa. Kocha anacheki ubao: namba saba haiko. Saa hio hana ruhusa ya kudhani. Boti ya injini inarudi majini, watu wanaanza kuita jina, mtu anapigia nyumbani, na mathe upande ule wa simu anakaa chini sakafuni. Kumbe namba saba iko kwa mfuko wa kaptula, na mwenyewe ako kwa mat anarudi zake. Mtoi akifanya hivo mara mbili kozi zingine humrudisha nyumbani, na ukiuliza mimi, wako sawa. Siku yenye namba saba itakuwa ukweli, wale makocha hawafai kuwa wamechoka kutafuta watu wako sawa.

Kupinduka ni somo, si ajali

Siku ya kwanza ama ya pili, kocha atawaambia wapindue boti makusudi. Hapa ndio utajua mtoi wako ni wa kitu gani. Wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanashika mlingoti kama ni mguu wa mathe.

Mambo iko hivi. Optimist iko na mifuko ya hewa mitatu ndani, kwa hivyo hata ikijaa maji haizami. Hio ndio sababu ya sheria kubwa kuliko zote majini: kaa na boti. Ukipinduka, usiogelee kwenda ufukweni, hata kama ufukwe unaonekana uko pale tu, hata kama wewe ni samaki. Maji hudanganya umbali, mkondo unakuvuta kando, na kichwa kimoja kati ya mawimbi hakionekani. Boti ya rangi imelala na tanga nyeupe inaonekana mbali sana. Kaa hapo.

Kama umejikuta chini ya tanga, usipige makelele, sukuma tanga juu na mkono na kichwa, kutatokea nafasi ya hewa. Pumua. Halafu fuata mshono wa tanga ukivuta mkono kwa mkono mpaka utoke kando. Ukishatoka, inua mkono ama uguse kichwa ndio kocha ajue uko sawa. Halafu zunguka mpaka upande wa chini wa boti, shika ule ubao wa katikati, ning'iniza uzito wako hapo, pole pole boti inarudi juu. Panda. Sasa utapata umekaa ndani ya karai la maji, na hapa ndio kopo la kufua maji linaingia. Wapwani wanaliita upo, na lazima liwe limefungwa na kamba kwa boti, la sivyo linaenda zake na utafua maji na kofia.

Kama umechoka ama umeumia, ishara inajulikana dunia nzima: nyoosha mikono yote miwili kando, inua juu, shusha chini, pole pole, rudia. Hio hufanyi mchezo. Mtoi mwenye anaipiga kwa ajili ya kuchekesha marafiki anatolewa majini siku hio, na hakuna kubembeleza. Na boti ya uokoaji ikija, usiogelee kuifuata. Iko na propela. Unangoja wakuambie.

Nani ampishe nani

Watu hudhani majini kuna nafasi ya kutosha, kila mtu aende kwake. Weka boti kumi na mbili zenye madereva wa miaka kumi kwa eneo kama uwanja wa mpira na uone. Ni Githurai saa kumi na mbili jioni, tofauti ni ati hakuna mtu ako na breki.

Kwanza jua boti ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kwa upepo wenye unatoka mbele. Tanga inapepea tu kama nguo kwa kamba. Ndio ufike kule upepo unatokea unaenda mshazari, kulia halafu kushoto, kulia halafu kushoto. Wazee wa Lamu wanaita kubisha. Napenda sana hilo neno, ju ndio ukweli, unabishana na upepo mpaka ukubali kukupeleka. Kamba ya kuvutia tanga wanaiita demani, mkono wa usukani wanauita kana, na kwenda karibu na upepo ni kwenda joshi. Mtoi wa Mombasa akiambiwa haya majina na Kizungu ya kocha, amwambie babu yake jioni. Ataongezewa mengine kumi.

Sheria zenyewe ni tatu za kuanzia. Kama boti mbili zinakutana na upepo unazipiga pande tofauti, yenye upepo unaipiga kutoka kulia iko na haki, yenye unaipiga kutoka kushoto inapisha. Kama zote zinapigwa upande mmoja na ziko sambamba, yenye iko karibu na kule upepo unatoka inapisha ile ya chini, ju ya juu ndio inamnyima mwenzake upepo. Na kama wewe uko nyuma unataka kupita, wewe ndio unajiondoa. Hizo sheria zinatoka kwa kitabu cha shirika la dunia, World Sailing, kinachorekebishwa kila miaka minne, na zile za boti ndogo za watoi ni zile zile za Olympics. Hakuna kitabu cha watoi.

Lakini hata ukiwa na haki, huruhusiwi kugonga mtu ukiweza kuepuka. "Nilikuwa na haki" si jibu kama umetoboa boti ya mwenzako. Peleka hio kwa madereva wa nganya tafadhali.

Na sasa ile kitu ilinishangaza nikisoma hii mambo. Katikati ya mashindano hakuna refa wa kukimbia na wewe. Ukivunja sheria, unajiadhibu. Umemgonga mtu ama umemnyima haki yake? Unajiondoa kando, unazungusha boti yako mara mbili mizima, halafu unaendelea, na wote wamekupita. Umegusa boya? Mzunguko mmoja. Hakuna filimbi. Unaweza kunyamaza kama hakuna mwenye ameona, na mwenzako anaweza kukushtaki jioni mbele ya jopo, lakini kozi yenyewe inataka mtoi azungushe kabla mtu aseme. Sisi tumelelewa na mpira wa mtaa, kama refa hajaona ni goli. Hii itakuwa ngumu. Wacha iwe ngumu.

Kitabu hicho hicho, sheria yake ya kwanza kabisa, kabla ya mambo ya kushinda: ukiona mtu ako hatarini, msaidie. Mwaka wa 1988, Olympics za Seoul, mashindano ya boti yakifanyika Pusan, kulikuwa na Mkanada anaitwa Lawrence Lemieux. Alikuwa namba mbili kwa resi yake, upepo umechafuka, akaona mabaharia wawili wa Singapore, wa mashindano mengine kabisa, wamepinduka na wameumia. Akageuza. Akawatoa majini, akangoja mpaka wachukuliwe, ndio akarudi kumaliza akiwa nyuma kabisa. Jopo likampa ile nafasi ya pili kwa hio resi, na kamati ya Olympics ikampa medali ya Pierre de Coubertin. Kwa jumla alimaliza wa 11, hakupata medali ya kawaida. Makocha wengi wa watoi wanajua hii story, na ukimpata mwenye haijui, mpe.

Upepo wa wapi?

Hapa sitakaa sana, lakini ni muhimu ujue mnaenda wapi. Agosti pwani ni wakati wa kusi, upepo umeshika na nje ya mwamba bahari imechafuka. Kozi za watoi zinafanyika ndani ya mkono wa bahari, kule Tudor ama Kilifi, ju kumekingwa. Na kuna maji kupwa na kujaa. Mombasa wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo wakikuambia mfike saa mbili, ni ju saa nne kutakuwa na matope pale boti zinaingilia. Ukichelewa maji hayakungoji, na hakuna mtu wa kumlaumu.

Naivasha asubuhi ziwa limelala kama kioo, mchana upepo unaamka na wakati mwingine unaamka vibaya. Na kuna viboko. Sheria ya kutokaribia mafunjo si ya mapambo. Kisumu kuna viboko pia, kuna gugu maji yenye inaweza kufunga njia asubuhi moja, na kuna kichocho. Uliza kozi wanafanya nini kuhusu hio, na mkirudi mtoi apimwe kliniki, dawa yake iko.

Wewe na mathe, mbaki nyuma ya kamba

Kuna sheria ya wazazi na walezi, na ndio huvunjwa zaidi. Huruhusiwi kupiga kelele kutoka ufukweni. Hata kama unaona ageuze kushoto. Hata kama mtoi wa jirani anampita. Mtoi akiwa majini ako na bosi mmoja, na ni kocha. Akisema rudini, wanarudi, hata kama jua linawaka na nyinyi mmetoka Ruaka kuja kutazama.

Pia mtoi ndio anafunga tanga yake, ndio anabeba boti na wenzake, ndio anaiosha na maji safi jioni ju chumvi inakula vyuma. Usiende kumsaidia. Siku ya tatu utashangaa kuona mtoi mwenye hajawahi kuosha sahani anakunja tanga bila kuambiwa. Nyumbani sahani bado hataosha, usijipe matumaini.

Siku ya mwisho kwa kawaida kuna ka-resi. Kuanza kunahesabiwa: bendera dakika tano kabla, ingine dakika nne, moja inashuka ikibaki dakika moja, halafu twende. Ukivuka mstari mapema unarudi kuanza tena. Watoi wawili watasahau, mmoja ataenda njia tofauti kabisa. Hio ni kawaida.

Ile ya dooh

Tusijifanye. Hii mchezo kwa Kenya inaonekana ni ya watoi wa Karen na Nyali, na sehemu kubwa ni ukweli. Klabu nyingi zinadai uwe mwanachama ama mgeni wa mwanachama, halafu kuna ada ya kozi, halafu kuna fare na pa kulala. Lakini haikuwa lazima iwe mbali hivo. Nairobi Dam, pale kati ya Lang'ata na Kibra, ilijengwa 1953, na kulikuwa na klabu ya boti za tanga hapo. Watu walikuwa wanatweka tanga wikendi umbali wa kutembea kutoka Kibra. Leo ukienda utaona majani ya kijani unadhani ni uwanja, na chini yake uchafu wa nusu ya jiji. Mtoi wa Kibra mwenye angejifunza bure akitazama, saa hii anahitaji SGR.

Kwa hivyo ukipiga simu, uliza bila aibu kama kuna nafasi za watoi wasio na uwezo, na kama unaweza kulipa uanachama wa muda wa wiki moja. Zingine huwa nazo na haziandiki kwa poster. Uliza pia kama laifu jaketi inakuja na ada ama mnanunua, ju hapo ndio bajeti huvunjika.

Halafu kabla utume hata soo moja, uliza maswali mawili ya mwisho: kila kocha atakuwa na boti ngapi, na ni boti ngapi za uokoaji zitakuwa majini wakati watoi wako majini. Kwa boti za mtu mmoja, mtindo wa RYA ni boti sita kwa kocha mmoja, zisizidi. Mwenye anaendesha kozi vizuri atakujibu hio kabla umalize sentensi. Akianza kukuambia "usijali, maji si mengi hapo," mshukuru, kata simu, mpelekeni mtoi mpira.